Kulipa Kwanza au Kusema Kwanza: Historia Fupi ya Kupinga Faini ya Maegesho

Miongoni mwa hati zote ambazo dola ya kisasa humwandikia raia, huenda hakuna iliyo ndogo kuliko hati ya faini ya maegesho. Haichukui muda kuandikwa. Huwekwa chini ya kifuta-kioo cha gari, na aghalabu aliyeiandika ameshakwenda zake pale mwenye gari anaporudi. Hapo ndipo hati hii inapotofautiana na nyingine. Mwizi hushtakiwa akiwapo, na hata deni hudaiwa mbele ya mdaiwa. Bali kosa la maegesho huandikwa gari likiwa peke yake. Gari haliwezi kueleza kwamba mwenyewe ameingia duka la dawa, wala kwamba kibao cha katazo kimefunikwa na matawi ya mti, wala kwamba saa ya askari inakwenda mbele. Hivyo basi, tangu faini hii ianze, swali limekuwa ni lile lile: mwenye gari atasema lini, atasema mbele ya nani, na je, sharti alipe kwanza ndipo asikilizwe? Makala haya yanalifuata swali hilo Marekani, Uingereza na Ufaransa, nchi ambazo zimebishana juu yake waziwazi mahakamani, kisha yanalileta Kongo, ambako sheria ililijibu kwa namna yake mwaka 1959.

Kabla ya historia, neno lenyewe linastahili kutazamwa. Watu wengi husema kwamba fulani «amekata rufaa» dhidi ya faini. Usemi huo umeenea, lakini una kasoro. Rufaa hukatwa na mtu aliyekwisha kuhukumiwa, naye huitaka mahakama ya juu itengue hukumu ya mahakama ya chini. Aliyekuta karatasi kwenye kioo cha gari lake hajahukumiwa na yeyote. Ameshukiwa tu, na shaka hiyo imekwisha kutiwa bei. Kitenzi «kupinga» kinafaa zaidi, kwa kuwa kupinga ni kuwekea jambo kizuizi njiani kabla halijafika mwisho wake, kama gogo lipingavyo njia. Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayedhani kwamba anakata rufaa amekubali, bila kujua, kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Mita ya kwanza ya maegesho duniani ilisimikwa katika mji wa Oklahoma City, nchini Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Aliyeianzisha fikra hiyo ni Carl Magee, mwandishi wa habari aliyekuwa akishughulika na wafanyabiashara wa mji huo kutafuta dawa ya msongamano. Wafanyakazi wa maduka na ofisi waliegesha magari asubuhi na kuyaacha mpaka jioni, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Mashine ilibuniwa kwa msaada wa wahandisi wawili wa chuo cha jimbo hilo, Holger Thuesen na Gerald Hale, na ada yake ilikuwa senti tano kwa saa. Haukupita mwezi mmoja na nusu ila kesi ya kwanza ikawa imefika mbele ya hakimu. Inasimuliwa kwamba mshtakiwa alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alijitetea kwamba wakati askari anaandika yeye alikuwa dukani akitafuta chenji ya kutia katika mashine ile ile. Hakimu akaifuta kesi. Utetezi huo umeigwa na madereva wa mataifa mengi tangu siku hiyo, na si wote walikuwa wakitafuta chenji kweli.

Mchungaji huyo alikuja na udhuru. Wengine walikuja na hoja, na inafaa mambo haya mawili yasichanganywe. Mwenye udhuru anasema: sheria ni halali, lakini hali yangu ilikuwa hivi. Mwenye hoja anasema: sheria yenyewe haisimami, au haikufuatwa. Hoja ya Wamarekani wa miaka ile ilikuwa kwamba barabara ni mali ya umma, na kwamba haki ya kusimama kwa muda mbele ya duka haiwezi kuuzwa na mji kwa saa kama vile chumba cha hoteli. Ikiwa mji unatoza fedha ili ujaze hazina yake, hiyo ni kodi, na kodi haitozwi ila kwa idhini ya sheria. Mwaka 1936 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Florida iliikataa hoja hiyo kwa kusema kwamba ada ya mita ni njia ya kuongoza magari tu. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu kabisa ya Alabama iliamua kinyume chake katika shauri la mji wa Birmingham na kuzihesabu mita kuwa kinyume cha katiba. Mwaka 1940 mahakama ya North Carolina nayo iliuambia mji wa Raleigh kwamba haukupewa mamlaka ya kutoza ada hiyo. Hatimaye mahakama nyingi zilifuata njia ya Florida, lakini kwa sharti ambalo halijafutika: ada iwe na uhusiano na kazi ya kupanga magari, isiwe kodi iliyovaa joho la sheria za barabarani.

London ilizipata mita zake tarehe 10 Julai 1958, katika mtaa wa Mayfair. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Septemba 1960, walinzi wa maegesho walianza kazi wakiwa na vitabu vya hati za faini ya paundi mbili. Hati ya kwanza ya mlinzi wa London iliangukia gari la daktari aliyekuwa ameitwa haraka hotelini kumhudumia mtu aliyeshikwa na maradhi ya moyo. Magazeti yalilipigia kelele jambo hilo, na faini ikafutwa. Kwa mara nyingine udhuru ulishinda, lakini ulishinda kwa sababu ya kelele. Je, daktari ambaye hakuna gazeti lililosikia habari zake angefanya nini?

Jibu la sheria ya mwaka 1960 lilikuwa rahisi, na kwa kweli lilikuwa la haki kuliko mengi yaliyofuata. Hati ile haikuwa hukumu, ilikuwa mwaliko. Aliyetaka yaishe alilipa paundi mbili. Asiyetaka alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukumtia hatiani, kwa kuwa ilibidi aitwe mbele ya hakimu na upande wa mashtaka uthibitishe kosa. Mzigo ulikuwa begani mwa dola. Udhaifu wake ulionekana baada ya muda: magari yalizidi, hati zikazidi, na mahakama ndogo zikalemewa na mashauri ya faini ambayo gharama ya kuyasikiliza ilipita faini yenyewe. Bunge likageuza mambo kwa sheria ya mwaka 1982. Kuanzia hapo, ambaye hakulipa wala hakuomba kusikilizwa katika muda uliowekwa aliandikishwa mahakamani kuwa mdaiwa wa faini pamoja na nyongeza ya nusu yake, bila hakimu kusikiliza neno. Maana ya kimya iligeuka. Zamani aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekana. Sasa anahesabiwa kuwa amekiri. Badiliko hili halikuzua ghasia yoyote, ingawa katika historia yote ya faini hii ni vigumu kuona lililo kubwa kuliko hilo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuitoa faini ya maegesho katika sheria za jinai. Kwa sheria ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika London mwaka 1993, kosa hilo likawa deni baina ya mwenye gari na halmashauri ya mji. Halmashauri ndiyo inayoandika hati, ndiyo inayopokea fedha, na ndiyo inayosikiliza pingamizi la kwanza. Mswahili angesema ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Bunge lililiona hilo, na ndiyo maana likaweka juu ya halmashauri waamuzi walio huru, ambao kuwaendea hakuna gharama.

Utaratibu wenyewe unafaa kuelezwa, maana ni katika siku zake zilizohesabiwa ndimo haki inamopatikana au kupotea. Mwenye hati ana siku 14 za kulipa nusu ya faini. Ndani ya siku hizo anaweza pia kuandika barua ya pingamizi isiyo rasmi. Asipolipa na asipokubaliwa, mmiliki wa gari huletewa hati ya pili, naye hupewa siku 28 za kutoa pingamizi rasmi: kwamba kosa halikutendeka, kwamba gari lilikuwa limeibiwa au limekwisha kuuzwa, kwamba faini imezidi kiwango, kwamba amri ya katazo si halali, au kwamba halmashauri imekosea utaratibu. Halmashauri ikikaa siku 56 bila kujibu, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Hapa, na pengine hapa tu, ni kimya cha mamlaka kinachomnufaisha raia. Ikikataa, siku nyingine 28 zimo za kumwendea mwamuzi. Anayeshinda kwa mwamuzi aghalabu si msemaji hodari, bali ni yule aliyerudi mahali pale siku ile ile akapiga picha ya kibao, akapima alama za rangi zilizofutika na kuhifadhi risiti yake.

Na udhuru je? Mwamuzi akiona kosa lilitendeka lakini zipo sababu nzito za kumhurumia mtu, hana uwezo wa kufuta faini. Anaweza tu kuipendekezea halmashauri iifute. Hoja ina haki yake, udhuru umebaki kuwa ombi. Tena lile punguzo la nusu halina uso wa wema tu. Ni bei ya kunyamaza. Anayejua kwamba ana haki, lakini hana uhakika kwamba ataaminiwa, hupiga hesabu na kulipa nusu.

Wapo Waingereza waliotafuta silaha katika maandishi ya kale zaidi. Hati ya Haki ya mwaka 1689 inabatilisha faini na unyang'anyi wa mali kwa mtu ambaye hajatiwa hatiani. Katazo hilo lililenga desturi mbaya ya wafalme ya kuwaahidi wapendwa wao mali za washtakiwa kabla kesi hazijasikilizwa. Baada ya miaka zaidi ya 300, wenye magari wakauliza: je, hati ya halmashauri si faini bila hatia? Mwaka 2006 Mahakama ya Juu mjini London iliikataa hoja hiyo. Bunge lilikuwa limeweka utaratibu wake kwa sheria ya baadaye, na mlango wa mwamuzi ulikuwa wazi. Hoja ilishindwa, lakini haikuwa ya kipuuzi. Ilikumbusha kwamba hofu ya mali kuchukuliwa kabla ya neno kusikilizwa ni ya zamani kuliko gari lenyewe.

Ufaransa ilikuwa na njia ya kupinga isiyohitaji barua wala hakimu, nayo ni kungoja. Paris iliweka maeneo yake ya kwanza ya maegesho ya muda mwaka 1957, mita zikafuata katika miaka ya 1970, na hati zikaongezeka kama kwingineko. Lakini ilikuwa desturi kwamba baada ya uchaguzi wa rais, bunge hupitisha sheria ya msamaha, na faini za maegesho zilikuwamo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981, 1988, 1995, na kwa masharti makali zaidi mwaka 2002. Kwa hiyo kadiri uchaguzi ulivyokaribia, ndivyo hati zilivyozidi kurundikwa kabatini bila kulipwa. Watetezi wa usalama barabarani walilalamika kwamba msamaha unafundisha dharau. Mwaka 2007 rais mpya, Nicolas Sarkozy, aliukataa, na desturi hiyo ikakoma.

Kisha tarehe 1 Januari 2018 Ufaransa nayo ilitoa maegesho ya kulipia katika sheria za jinai, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2014. Faini ya euro 17, iliyokuwa sawa nchi nzima, ikaondoka. Kila mji ukajipangia ada ya baada ya maegesho, na Paris ikapandisha yake hadi euro 50 katika mitaa ya katikati. Jina jipya lilikuwa na kazi. Isipokuwa adhabu, wala mlipaji si mshtakiwa. Amekalia ardhi ya umma naye anadaiwa kodi ya pango. Msomaji atatambua hapa ule ubishi wa Florida na Alabama, safari hii ukitatuliwa kwa kubadilisha jina. Mwenye kupinga alitakiwa aanze kwa kuuandikia mji wenyewe, au kampuni inayofanya kazi kwa niaba yake, ndani ya mwezi mmoja. Mji usipojibu mwezi mzima, pingamizi limekataliwa: kinyume kabisa cha zile siku 56 za Uingereza. Ndipo aliruhusiwa kwenda mbele ya tume maalum ya mashauri hayo, iliyowekwa katika mji wa Limoges kwa ajili ya nchi nzima. Lakini mlango wa Limoges ulikuwa na sharti: lipa kwanza ada yote, pamoja na nyongeza ikiwapo, ndipo shauri lako lipokelewe.

Sharti hilo lilidumu chini ya miaka mitatu. Tarehe 9 Septemba 2020 Baraza la Katiba lilikifuta kifungu hicho. Halikusema kwamba kutaka malipo ya awali ni haramu daima. Lilikubali kwamba dola inaweza kuzuia mashauri ya kupoteza muda. Lilisema kwamba bunge halikuweka kinga yoyote, ya kiasi wala ya hali ya mtu, na kwa hiyo haki ya kumfikia hakimu, inayotokana na kifungu cha 16 cha Tamko la Haki la mwaka 1789, ilikuwa imevunjwa. Aliyeibiwa gari, au aliyekwisha kuliuza, alikuwa akilazimika kulipa deni la mtu mwingine ili aruhusiwe kusema kwamba deni si lake.

Kongo haina tume ya Limoges wala waamuzi wa London. Ina kitu cha zamani zaidi, ambacho kikisomwa vizuri kinashangaza. Sheria ya utaratibu wa mashauri ya jinai, iliyotolewa tarehe 6 Agosti 1959, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru, inaeleza katika kifungu chake cha 9 kile kinachoitwa kwa Kifaransa «amende transactionnelle». Ofisa wa polisi ya mahakama, akiona kwamba kosa ni la aina ambayo hakimu angelitoza faini tu, anaweza kuamua kwamba mashtaka yatakoma iwapo mtuhumiwa atalipa kiasi fulani, ambacho hakiwezi kupita upeo wa faini ya kosa hilo. Kulipa huko si kukiri kosa. Makosa yanayotajwa katika Sheria ya Barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, pamoja na ya kuegesha mahali pasiporuhusiwa, kwa kawaida humalizwa kwa njia hiyo.

Hebu neno «transactionnelle» lipimwe. Maana yake ni kwamba kuna mapatano, na mapatano yana pande mbili. Mtuhumiwa anaweza kukubali, na anaweza kukataa. Akikataa, hakuna faini. Kuna hati ya maelezo ya kosa inayopelekwa parke, na parke ikitaka kuendelea, itampeleka mbele ya mahakama ya amani, ambako kosa litathibitishwa kwanza. Kwa maneno mengine, maandishi ya Kongo ya mwaka 1959 yako karibu na yale ya Uingereza ya mwaka 1960 kuliko yote yaliyokuja baadaye Ulaya: karatasi ni mwaliko, na asiyelipa hajakiri kitu. Katiba ya mwaka 2006 imeongeza nguvu katika kifungu cha 17, kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe.

Barabarani mambo ni mengine. Utafiti juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha jinsi askari wa njia panda walivyowekewa idadi ya madereva wa kuwapeleka kituoni kila siku, na kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizopatikana kwa njia hiyo haikufika katika hazina ya dola. Dereva husimamishwa, hati za gari hushikwa, na mazungumzo huanza hati zikiwa mkononi mwa mwingine. Hapo hakuna haja ya kifungu kinachosema lipa kwanza. Hali yenyewe inasema. Anayetaka kupinga ana maswali machache ya kuuliza, na kila moja lina msingi katika sheria: ni kifungu gani cha sheria ya barabara kilichovunjwa, ni nani hapa aliye ofisa wa polisi ya mahakama, maana askari wa kawaida hana mamlaka ya kupendekeza mapatano, hati ya maelezo ya kosa iko wapi, na risiti ya hazina itatolewa na nani.

Maswali haya hayaulizwi kwa urahisi, na lugha ina sehemu yake katika hilo. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na hati pia. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, Kifaransa «amende» kimekuwa «amande», lakini kile kivumishi kilichokifuata hakikuvuka. Dereva huambiwa alipe amande. Haambiwi kwamba anapewa pendekezo la mapatano, kwa sababu sehemu ya jina iliyobeba habari hiyo imebaki katika kitabu cha sheria. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu na mashtaka katika lugha anayoielewa. Dereva aliyesimamishwa si lazima awe amekamatwa, lakini haja yake ya kuelewa ni ile ile. Kwa Kiswahili jina kamili lingeweza kuwa «faini ya mapatano». Kwa jina hilo, aliyesimamishwa njia panda angesikia, pamoja na neno faini, kwamba bado hajapatana na mtu.